Maisha ya Marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka (1944–1979)



Kila mwaka ukurasa huu wa kijitabu chetu cha harambee huwekwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyetangulia mbele ya haki. Wasomaji wetu wamezoea kukutana hapa na watu wa kwetu: mwalimu aliyefundisha vizazi vitatu, mkulima aliyeleta miche mipya ya kahawa, muuguzi aliyejulikana vijiji vyote. Mwaka huu tunamleta mtu wa mbali, mwana wa Morogoro, mpiga gitaa, na tunajua wapo watakaouliza amehusikaje na Kamachumu.

Amehusika hivi. Katika makisio ya mwaka huu kuna kifungu kilicholeta ubishi mrefu kuliko bati za shule na kuliko barabara: ununuzi wa seti ya vyombo vya muziki kwa ajili ya vijana wetu. Wazee kadhaa wamesema, kwa heshima na kwa haki yao, kwamba gitaa si dawa wala si dawati. Wengine wameuliza swali lililo gumu zaidi: vyombo vikishanunuliwa, vitakuwa vya nani? Maisha ya Mbaraka Mwinshehe yanaingia moja kwa moja katika swali hilo la pili, ndiyo maana tumeona yasimuliwe kabla hatujaanza kupitisha bakuli.

Mbaraka alizaliwa Juni 1944. Mji uliomlea na kumpa jina ni Morogoro, na lazima tuuangalie kwanza mji huo, maana haikuwa bahati tu kwamba muziki ulistawi pale. Morogoro ni mji wa reli. Ni mji wa njia panda ya magari yaendayo nyanda za juu kusini na ya yale yaendayo Dodoma. Na zaidi ya yote, enzi hizo ulizungukwa na mashamba ya mkonge, yenye maelfu ya vibarua kutoka kila pembe ya nchi, watu waliopokea ujira kwa fedha taslimu na wenye hamu ya kustarehe mwisho wa juma. Bendi ya dansi huishi kwa kiingilio cha mlangoni. Kwetu kahawa hulipa kwa msimu. Mtu akishauza, hulipa ada, huezeka nyumba, huoza, kisha hukaa akisubiri msimu ujao. Tofauti hiyo ndogo ya kalenda ya fedha imetosha, kwa maoni yangu, kueleza kwa nini bendi kubwa zilizaliwa penye mkonge, penye reli na penye bandari, wala si penye vibanja vya migomba.

Tusije tukadhani kwamba kwetu hapakuwa na wanamuziki. Mpiga enanga alikuwa mtu mkubwa. Alikaa na chombo chake, kipande cha mti kilichochongwa kama kihori na kuvutwa nyuzi juu yake, akasimulia habari za wafalme na mashujaa usiku kucha, huku watu wakinywa rubisi. Lakini tazama jambo moja: enanga ilichongwa hapa hapa, kwa mti wa hapa hapa, na ilikuwa mali ya mpigaji. Akihama, alihama nayo. Akigombana na mwenye sherehe, aliikwapua na kwenda zake. Gitaa la umeme halichongwi kijijini. Linataka kiwanda cha ng'ambo, kipaza sauti, spika, na pasipo umeme linataka jenereta na mafuta yake. Siku muziki wa kupendwa ulipohama kutoka kwenye chombo cha mti kwenda kwenye chombo cha dukani, mpigaji na mwenye chombo waliacha kuwa mtu mmoja. Habari yote ya Mbaraka imo ndani ya badiliko hilo.

Bendi za kwanza za Tanganyika zililitatua tatizo hilo kwa njia ambayo kila mwanachama wa chama kama chetu ataitambua. Walichanga. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, na zilizofuata nyingi zilikuwa klabu za watu wa mahali pamoja au waliotoka mahali pamoja. Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, ilikuwa ya watu wa Jimbo la Magharibi, yaani Tabora na jirani zake, waliokuwa wakiishi Dar es Salaam. Rufiji Jazz, Ulanga Jazz, Kilwa Jazz, majina yenyewe yanasema. Neno jazz lisitupotoshe, maana halikuhusu muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans. Lilikuwa na maana ya bendi tu, bendi ya kisasa yenye magitaa na tarumbeta. Kwa hiyo vyama vya watu wa nyumbani, kama hiki chetu, viliwahi kununua vyombo vya muziki miaka themanini na zaidi iliyopita. Wanaosema jambo hili ni la kuzuka wapatie nafasi kumbukumbu hiyo.

Morogoro Jazz nayo ilianzishwa mwaka huo huo wa 1944, ambao ndio mwaka aliozaliwa Mbaraka. Ilipofika wakati wake wa kujiunga nayo, katikati ya miaka ya 1960, ilikuwa umri wake sawasawa.

Mjini mle palikuwa na bendi nyingine, Cuban Marimba, chini ya Salum Abdallah. Huyu naye anastahili aya yake. Tangu miaka ya 1930 santuri za muziki wa Kuba, zilizojulikana kwa herufi GV zilizochapwa kwenye lebo zake, zilikuwa zimeingia Afrika Mashariki kupitia bandarini, na vijana walizisikiliza mpaka zikaisha mikwaruzo. Inasimuliwa kwamba Salum Abdallah alizipenda hata akatoroka nyumbani ili aende Kuba kwenyewe, safari ikamwishia Mombasa. Alirudi Morogoro akaianzisha Kuba yake papo hapo. Alichukua mwendo wa rumba na cha-cha akauvalisha Kiswahili na mahadhi ya ngoma za pwani na bara, na kwa muda mrefu hapakuwa na bendi ya kuisogelea Cuban Marimba. Novemba 1965 alifariki katika ajali ya gari. Juma Kilaza akashika uongozi, na ushindani kati ya bendi hizo mbili za mji mmoja uliendelea kwa miaka. Watu wa Morogoro waligawanyika kama tunavyogawanyika sisi kwa Simba na Yanga.

Katika ushindani huo ndipo Mbaraka alipokomaa. Alipiga gitaa la solo na kuimba, mambo mawili ambayo kwa kawaida hufanywa na watu wawili, na aliyafanya yote vizuri. Watu wa kizazi chake walikuwa wamelelewa na muziki wa Kuba na ule wa Kongo, lakini yeye alilitoa gitaa kwenye kazi ya kusindikiza sauti akalipa kazi ya kusema. Anaimba ubeti, kisha gitaa linaujibu, wakati mwingine linabishana nao. Mashairi yake yalikuwa marefu na ya habari. Mapenzi yalikuwamo, kama kwa kila mtu, ila yalikuwamo pia mambo ya fedha, ya ukoo, ya ugumu wa maisha, ya taifa. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alipouawa siku ya Krismasi mwaka 1971 na mkulima mmoja katika mgogoro wa shamba, wakati ambapo siasa ya vijiji vya ujamaa ilikuwa imepamba moto, Mbaraka aliutungia wimbo msiba huo. Kwa watu wengi wa vijijini, wimbo ulikuwa gazeti.

Jambo jingine la bendi za wakati ule ni mitindo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, wenye jina lake na namna yake ya kuchezwa, na jina lilijulikana pengine kuliko bendi yenyewe. Western Jazz walikuwa na Saboso. NUTA Jazz walikuwa na Msondo. Morogoro Jazz chini ya Mbaraka walikuja na Likembe, kisha Sululu, kisha Masika, jina la msimu wa mvua. Ukiuliza mwanamuziki tofauti ya kitaalamu kati ya mtindo mmoja na mwingine, mara nyingi atakuonyesha kwa miguu. Mtindo ulikuwa beramu ya kujitangazia. Bendi iliyobaki na jina la zamani ilionekana imechoka, ndiyo maana majina yalibadilika kila baada ya miaka michache, na chini ya majina hayo muziki wenyewe ulikuwa ukibadilika taratibu: twisti ikaja ikaondoka, tarumbeta na saksafoni zikapanda na kushuka, magitaa yakaongezeka kutoka mawili hadi matatu, sehemu ya kuchezea mwishoni mwa wimbo ikarefuka.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilichaguliwa kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka, Japani. Fikirini: klabu ya mji wa mkoani, si ya Dar es Salaam, ndiyo iliyopelekwa. Mbaraka alitunga wimbo kuhusu safari hiyo, na mpaka leo wenye umri wanaujua.

Sasa tufike kwenye mwaka 1973. Mwaka huo Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz, bendi aliyoifanya ijulikane, akaunda yake, Orchestra Super Volcano, na mtindo wake ukawa Masika Zole Zole. Ili uone uzito wa hatua ile ni lazima ujue hali ilivyokuwa. Katika bendi za klabu, vyombo vilikuwa vya klabu. Mpigaji aliyeondoka, hata awe bingwa wa namna gani, aliondoka mikono mitupu, na jina la bendi lilibaki nyuma yake. Upande wa pili zilikuwa zimeingia bendi za mashirika. NUTA Jazz, ya chama cha wafanyakazi, ilianza mwaka 1964 na kuonyesha njia. Zikafuata za jeshi, za polisi, za viwanda, kama Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Huko mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilinunuliwa na shirika. Fedha za kigeni zilipoanza kuadimika, shirika liliweza kuagiza gitaa. Klabu ya watu wanaochanga shilingi mbili mbili haikuweza. Klabu za zamani zikaanza kufa moja moja. Wengi wa wanamuziki hodari walikimbilia kwenye mshahara, na hatuwezi kuwalaumu, walikuwa na watoto. Mbaraka alikwenda kinyume cha mkondo. Alitaka bendi isiyo ya klabu wala ya shirika.

Bendi kama hiyo ingeishi kwa nini? Kwa dansi, ndiyo, lakini dansi hulipa mafuta ya gari na posho. Zilizobaki zilikuwa njia mbili. Ya kwanza ni Radio Tanzania Dar es Salaam. RTD ilirekodi bendi zote zenye maana, na katika miaka ya 1970 ilipopunguza sana muziki wa kigeni, ilijaza saa zake kwa nyimbo za nyumbani. Bila RTD sisi wa huku, ambao Kampala ni karibu kuliko Dar es Salaam, tungewajua zaidi wanamuziki wa jirani kuliko wa nchi yetu. Lakini redio ililipa bendi ujira mdogo wa kurekodi, kanda ikabaki kwenye maktaba ya redio, na wimbo ukapigwa mara ngapi si hoja. Njia ya pili ilikuwa santuri, na Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Kiwanda na kampuni zilikuwa Nairobi.

Kwa hiyo Mbaraka akafuata santuri Kenya. Huko ndiko alikorekodi Shida akiwa na Super Volcano, wimbo uliouzwa kwa wingi Kenya na kulifanya jina lake kuwa la nyumba kwa nyumba hata kwa watu wasiowahi kukanyaga Morogoro. Wimbo ule, pamoja na utamu wake, unafundisha namna chombo kinavyoukata muziki. Katika ukumbi bendi iliweza kuupiga wimbo mmoja mpaka wachezaji waloe jasho. Santuri ndogo ilibeba kama dakika tatu hivi kila upande. Basi nyimbo za bendi zetu zikawa zinapasuliwa katikati, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule, na msikilizaji akajifunza kuinuka, kugeuza, na kukaa tena. Wenye gramafoni Kamachumu enzi hizo walikuwa wachache, na kazi hiyo ya kugeuza waliachiwa watoto.

Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ulikuja kufunguliwa mwaka 1983. Kwa mfanyabiashara wa kawaida hilo lilikuwa pigo. Kwa mwanamuziki wa Tanzania lilikuwa kama kukatiwa maji, maana chanzo chenye fedha kilibaki upande wa pili. Mbaraka aliendelea kulifuata soko lake Kenya, na huko ndiko kifo kilikomkuta. Januari 1979 alipata ajali ya gari karibu na Mombasa, akafariki. Alikuwa na miaka 34. Mombasa, mji ule ule uliokatisha safari ya Salum Abdallah. Na ajali ya gari, kama ya Salum Abdallah. Morogoro ilipoteza hivyo wanamuziki wake wakubwa wawili katika muda wa miaka kumi na mitatu.

Watu wa mkoa wetu wana sababu ya pekee ya kuukumbuka mwezi ule. Mkoa wakati huo ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia mwishoni mwa Oktoba 1978 mpaka mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mto walikuwa wakimbizi majumbani mwetu. Januari ile majeshi yetu yalikuwa yanavuka kwenda Mutukula. Kila nyumba yenye redio ilikuwa imejaa watu, na redio ile ile ya taarifa za vita ndiyo iliyokuwa redio ya Mbaraka. Baadaye mwaka huo mkoa ukapewa jina jipya la Kagera, na mambo mengi yakasahaulika kwa uzito wa yale tuliyokuwa tumeyapata.

Baada yake, Super Volcano haikusimama tena kama ilivyokuwa, na Morogoro Jazz nayo ikafifia. Kampuni ya Nairobi ilikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri zilizoitwa Ukumbusho, zikauzwa kwa miaka mingi. Enzi ya bendi za mashirika ikafikia kilele, DDC Mlimani Park na Sikinde yao, Vijana Jazz, Maquis waliotoka Kongo, kisha mashirika yenyewe yakaishiwa. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, miaka ishirini baada ya ajali ya Mombasa. Redio binafsi zilikwishakuja, kanda za kaseti zikafa, na kijana mwenye kompyuta na kipaza sauti kimoja akaweza kutoa wimbo chumbani bila mpiga besi wala mpiga tumba. Hatusemi hilo ni baya. Hata kwetu, Justin Kalikawe alitoka Bukoba na rege, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli alitoka na ngoma zetu na Kihaya chetu vikachezwa hadi pwani. Bali kijana wa kompyuta hajifunzi kumsikiliza mwenzake anapopiga, na hicho ndicho walimu wetu wa kwaya wanachokilalamikia.

Turudi kwenye kifungu cha makisio. Kamati imependekeza kwamba vyombo viwe mali ya chama, viandikwe katika daftari la mali, vitunzwe mahali penye mlango na kufuli, na vijana wavitumie kwa zamu bila kubagua dhehebu wala kata. Hapo hatuna ugomvi. Lakini yapo mapendekezo mawili ya nyongeza ambayo mwandishi wa ukurasa huu anayaunga mkono kwa sababu ya habari mliyoisoma. La kwanza, kila wimbo utakaotungwa na vijana wetu uandikwe jina la mtunzi na uwe wake, si wa chama, hata kama gitaa ni la chama. La pili, kijana aliyetumikia kikundi kwa miaka mitano na anataka kwenda zake aruhusiwe kununua chombo anachokipiga kwa bei nafuu, na fedha hizo zinunue kingine. Mkutano mkuu wa Desemba, watu wakisharudi nyumbani, utayapigia kura.

Orodha ya vyombo na bei zake iko pamoja na fomu za ahadi. Atakayependa kutoa gitaa lenyewe badala ya fedha aandike hivyo kwenye fomu, na tafadhali lije na nyuzi za akiba, kwani madukani kwetu hazipatikani.